Jalada Likishatoka Masjala: Usalama katika Ofisi za Mawakili wa Serikali

Ukitaja usalama wa ofisi ya mashtaka, wengi hufikiria mlinzi wa getini na kamera. Vinahitajika, lakini jalada la kesi hupotea likiwa njiani: masjala hadi mezani kwa Wakili wa Serikali, mezani hadi kwa mchapaji, kisha mahakamani na kurudi. Ndiyo maana nashauri mpango wa usalama uanzie kwenye mwendo wa jalada.

Kila karatasi ipewe namba ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada, kwa wino siku inapoingia. Jalada lisilo na folio likirudi pungufu, hakuna atakayejua ni maelezo ya shahidi yupi yamenyofolewa. Rejista ya mwendo ioneshe namba ya jalada, idadi ya folio, aliyelichukua, saa na sahihi. Likirudi, karani ahesabu folio mbele ya aliyelileta.

Mambo huharibika pale wakili anapompa mwenzake jalada mkononi ili amshikie kesi kesho yake. Masjala haina habari, na rejista inaendelea kumtaja mtu ambaye hanalo. Kila makabidhiano yaandikwe kwenye karatasi ya uhamisho na ifike masjala kwanza. Kisha fanyeni sensa ya majalada kila mwezi, chumba kwa chumba, ikiongozwa na mtu asiye wa masjala. Lisiloonekana lianze kutafutwa siku hiyohiyo.

Taarifa za mashahidi ndizo zinazonitia hofu kuliko zote. Tanzania ina Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi tangu 2015, na ofisi nyingi huwa makini na maelezo yenyewe. Jina huvuja kwingine: nakala ya hati ya wito, fomu ya posho, stakabadhi ya nauli iliyopita kwa mhasibu. Kumficha shahidi mbele ya upande wa utetezi ni suala la amri ya mahakama, ila kuondoa jina lake kwenye karatasi za malipo zinazozunguka ofisini ni utaratibu wenu wa ndani. Tumieni alama badala ya jina, na orodha inayounganisha alama na majina ikae masjala ya siri, chini ya mkuu wa ofisi na mtu mmoja aliyeteuliwa kwa barua. Barua ya siri isafiri ndani ya bahasha mbili. Neno SIRI liwe kwenye ya ndani tu.

Upande wa kompyuta, akaunti ya aliyehamishwa ifungwe siku anapokabidhi ofisi. Nakala ya barua ya uhamisho imfikie afisa TEHAMA moja kwa moja. Mashine nyingi za fotokopi zina diski inayohifadhi picha za kurasa, kwa hiyo itolewe kabla mashine haijapelekwa kwa fundi au mnadani. Picha za maelezo kutumwa WhatsApp zipigwe marufuku kwa waraka, hasa tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ianze kutumika Mei 2023. Lakini marufuku bila skana inayofanya kazi haitashikika, maana wakili aliye mahakamani wilayani anahitaji ukurasa huo saa hiyo.

Funguo za akiba zikae kwenye bahasha iliyosainiwa juu ya gundi, ndani ya sefu. Ufunguo wa masjala ya siri ukipotea hata kwa saa chache, badilisheni kitasa. Kuchonga mwingine hakutoshi.