Kamera ya simu inahesabuje mapigo ya moyo bila kukugusa?

Je, wajua kwamba uso wako hubadilika rangi kila moyo unapopiga? Badiliko ni dogo mno. Hata ukijitazama kiooni kutwa nzima hutaliona. Kamera ya kawaida inaliona, na kwa hilo inaweza kuhesabu mapigo ya mtu aliyeketi mita moja na nusu mbele yake, bila waya wala kifaa kidoleni.

Siri iko kwenye hemoglobini, ile inayoipa damu wekundu wake. Hufyonza sana mwanga wa kijani, hasa wenye urefu wa wimbi karibu na nanomita 540 na 577. Moyo ukisukuma damu hadi vimishipa vya usoni, kijani kinachorudi kwenye kamera hupungua kidogo. Damu ikipita, huongezeka tena. Ndiyo maana saa za mkononi za kupima mapigo huwaka kijani upande unaogusa ngozi. Kusoma mapigo kwa mwanga kulishafanyiwa kazi na Alrick Hertzman huko Marekani miaka ya 1930, lakini kwa kifaa kinachogusa ngozi. Mwaka 2008 Wim Verkruysse na wenzake walionyesha kwamba kamera ya dukani na mwanga wa kawaida wa chumbani vinatosha, na mwaka 2010 Ming-Zher Poh, Daniel McDuff na Rosalind Picard wa chuo cha MIT, Marekani, wakatumia kamera ya kompyuta mpakato, fremu (yaani picha moja moja za video) 15 tu kwa sekunde.

Shida ni udogo wa badiliko lenyewe. Kamera huandika mwanga wa kila pikseli, yaani kila nukta ya picha, kwa namba kuanzia 0 hadi 255, na pigo moja hubadilisha kijani kwa chini ya asilimia 1. Tuseme paji la uso lina thamani 120: nusu ya asilimia ni 0.6, haifiki hata ngazi moja. Pikseli moja peke yake haina la kusema. Chukua wastani wa pikseli 10,000 za paji na mashavu, na kelele za kamera, yaani kupandashuka kwa namba bila mpangilio, kwa kuwa kila pikseli ina yake, hupungua mara 100 hivi. Cha ajabu, kelele hizo hizo zinasaidia. Pikseli zote zingekuwa safi kabisa, mwanga ukishuka kutoka 120 hadi 119.6 zote zingeendelea kuandika 120, na pigo lingepotea. Kwa sababu ya kelele, nyingine huandika 119, nyingine 121, na wastani wao ndio unaotoa ile 119.6.

Kwa hiyo kazi huenda hivi. Programu hutafuta uso katika kila fremu, hukata paji na mashavu, huacha macho, mdomo na ndevu, kisha huandika wastani wa nyekundu, kijani na bluu. Kwa fremu 30 kwa sekunde, sekunde 30 hutoa namba 900 kwa kila rangi. Mfululizo huo hupitishwa kwenye kichujio kinachobakiza marudio ya kati ya 0.7 na 4 kwa sekunde, yaani mapigo 42 hadi 240 kwa dakika, na marudio yenye nguvu kuliko mengine ndiyo jibu. Usifupishe kipande ovyo: sekunde 10 hutenganisha mapigo kwa hatua za 6 kwa dakika, sekunde 30 kwa hatua za 2.

Mtu akitikisa kichwa, mwanga hubadilika kuliko damu inavyoubadilisha. Hapa rangi tatu zinaokoa. Kivuli au mtikisiko hushusha rangi zote kwa uwiano uleule; damu hubadilisha kijani zaidi, kisha bluu, nyekundu kidogo sana. Njia iitwayo POS, iliyochapishwa mwaka 2017, huchukua vipande vya sekunde 1.6, hugawa kila rangi kwa wastani wake, kisha huunda mistari miwili: kijani toa bluu, na kijani jumlisha bluu toa nyekundu mbili. Mstari wa pili hurekebishwa ulingane nguvu na wa kwanza, kisha hujumlishwa. Sehemu kubwa ya mtikisiko hufutika.

Taa nazo zina hila. Umeme wetu Afrika Mashariki ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, na taa za bei rahisi hupepesa mara 100. Kwa fremu 30 mpepeso huo huonekana kama marudio 10, na kichujio hukiondoa kiwango hicho bila taabu. Lakini simu nyingi, chumba kikiwa na giza, hupunguza fremu zenyewe bila kukuambia. Zikishuka hadi 24.5, mara nne yake ni 98. Zinabaki 2 kwa sekunde, na programu itakuandikia mapigo 120 kwa mstari ulionyooka kuliko wa moyo wowote. Funga kasi ya fremu, na uweke muda wa mwanga kuingia kuwa 1/100 au 1/50 ya sekunde ili kila fremu ikusanye mipepeso mizima.

Kwa wasomaji wengi wa makala hii kuna jambo zito zaidi: melanini, ile inayoipa ngozi weusi wake. Iko juu ya mishipa, na mwanga huipitia mara mbili, kwenda na kurudi. Ngozi nyeusi hurudisha kijani kidogo, ishara hudhoofika, na tafiti zimeonyesha makosa makubwa zaidi kwa ngozi nyeusi sana. Hesabu kali haitarudisha mwanga ambao haukufika kwenye kamera. Anza na taa. Iwe mbele ya mtu, si dirisha nyuma yake. Pima mwanga wa kamera usoni kisha ufunge kiwango hicho kisibadilike, kijani cha paji kiwe kati ya 100 na 200. Futa jasho na mafuta, maana mng'ao wa juu ya ngozi haujagusa damu, na pikseli iliyofika 255 imekufa. Epuka pia video iliyobanwa ikatumwa kwa mtandao wa kijamii: kubana hutupa kwanza tofauti ndogo za rangi, ambazo ndizo tunazozitafuta.

Kichujio kina tabia moja mbaya: hutoa jibu hata pasipo na moyo. Kelele yoyote ikipita humo hutoka na wimbi kama la mapigo. Basi kabla ya kuiamini programu, ielekeze kwenye picha ya uso iliyochapishwa kwenye karatasi, chini ya taa zilezile. Ikikuambia karatasi ina mapigo 72, imepima taa au kelele.