Mzee akichanganyikiwa ghafla, msiseme ni uzee

Jana jioni alikuwa akisimulia habari za shamba na kuuliza wajukuu wamekula nini. Leo asubuhi hamtambui mkewe. Anavutavuta shuka, anawaita watu waliokwisha kufa, anataka kushuka kitandani akafungulie ng'ombe. Jirani mmoja atasema ni umri. Mwingine atanong'ona kwamba mzee karogwa, na safari ya kwenda kwa mganga itaanza kupangwa. Sisi tunaohudumia wazee hospitalini tunasema hivi: akili ya mtu haivurugiki kwa usiku mmoja bila sababu iliyomo mwilini, na mara nyingi sababu hiyo inatibika. Mzee huyo afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Dua na maombi yaendelee, lakini yaendelee akiwa njiani.

Kitabibu hali hiyo huitwa deliriamu. Ubongo unashindwa kufanya kazi yake kwa muda kutokana na ugonjwa, dawa au majeraha, na mara nyingi shida yenyewe haikuanzia kichwani. Kijana mwenye nimonia atakohoa na kuchemka homa. Mzee mwenye nimonia hiyohiyo anaweza asichemke wala asikohoe sana, dalili yake ya kwanza ikawa kuweweseka. Ndivyo inavyokuwa pia kwa malaria, kwa sukari iliyoshuka baada ya kumeza vidonge vya kisukari bila kula, kwa upungufu wa maji, kwa mkojo uliozibwa na tezi dume, kwa choo kilichokwama siku nyingi, kwa nyonga iliyovunjika, kwa kiharusi, na hata kwa shambulio la moyo lisilo na maumivu ya kifua. Mzee aliyeanguka wiki mbili zilizopita akainuka na kusema hajaumia, anaweza kuwa anavuja damu polepole juu ya ubongo. Aliyezoea pombe kila siku akiikosa ghafla wodini, siku ya pili au ya tatu huanza kutetemeka na kuona vitu visivyokuwepo, na hali hiyo inaweza kumuua. Kwa hiyo tukiwauliza kuhusu pombe tuambieni ukweli, hata kama mzee ni mtu wa kuheshimika sana msikitini au kanisani.

Dawa nazo zinachangia sana, na nyingi hununuliwa duka la dawa bila cheti. Vidonge vya mafua na mzio vyenye klorofeniramini, ambavyo wengi huviita Piriton, humtuliza mtoto mwenye kamasi lakini huweza kumvuruga mtu wa miaka 80. Diazepamu ya kupata usingizi, amitriptilini ya ganzi za miguu, promethazini ya kichefuchefu, zote ni za kuangaliwa. Mkija hospitali, zikusanyeni dawa zote za mzee, na za mitishamba pia, mzilete kwenye mfuko mmoja. Mfuko huo hutusaidia kuliko vipimo vingi.

Kuna kosa jingine ambalo nataka familia na wahudumu walijue. Mzee akichanganyikiwa, mkojo hupimwa, vijidudu huonekana, basi inaandikwa UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, na utafutaji unaishia hapo. Lakini wazee wengi, hasa akina mama, huwa na vijidudu kwenye mkojo bila kuugua. Kama hana homa, hasikii maumivu akikojoa wala tumboni, jibu hilo halitoshi kueleza kwa nini akili imevurugika. Ulizeni kwa heshima: je, sukari, chumvi za damu, kifua na dawa anazotumia vimeangaliwa?

Tatizo hili si la wachache. Katika wodi za magonjwa ya ndani za hospitali ya KCMC, Moshi, watafiti waliwachunguza wagonjwa wa miaka 60 na kuendelea waliolazwa, wakakuta takriban mmoja kati ya watano ana deliriamu. Wengi hapo huichanganya na dimensia, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, lakini dimensia huingia taratibu kwa miezi na miaka. Utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwafikia watu 1,198 wenye miaka 70 na zaidi, na makadirio yake yakawa kwamba asilimia 6.4 ya wazee wa umri huo wana dimensia. Mwenye dimensia anaweza kupata deliriamu juu yake, tena kwa urahisi kuliko wengine. Swali la kujiuliza ni moja: mabadiliko haya yameanza lini? Jibu likiwa ni jana au juzi, hiyo ni dharura, hata kama mzee ana dimensia ya miaka mitano.

Mwaka 1990 daktari Sharon Inouye na wenzake nchini Marekani walichapisha njia rahisi ya kuitambua deliriamu, ambayo bado inatumika duniani kote. Wanaangalia mambo manne. Yameanza ghafla na yanapanda na kushuka ndani ya siku moja? Mgonjwa anashindwa kuweka mawazo mahali pamoja? Maneno yake hayana mpangilio? Amesinzia mno, au amechangamka kupita kiasi? Mawili ya kwanza yakiwepo pamoja na mojawapo ya mawili ya mwisho, ichukuliwe kuwa ni deliriamu.

Kupima umakini kunataka busara ya mahali. Vipimo vilivyotungwa Ulaya huuliza tarehe ya kuzaliwa, na wazee wetu wengi hawakuandikiwa tarehe hiyo popote. Akikosa kujibu, hajaonyesha ugonjwa wowote. Timu iliyofanya kazi Hai ililiona tatizo hili kwenye dimensia, ikatunga kipimo kiitwacho IDEA ambacho hakihitaji kusoma wala kuandika. Mzee hutaja majina ya wanyama, hupanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, na kadhalika. Kwa deliriamu, mimi humwomba mgonjwa ataje siku za wiki kwa kurudi nyuma: Ijumaa, Alhamisi, Jumatano. Mwenye akili tulivu hufika mwisho, hata kwa kusitasita. Mwenye deliriamu hupotea njiani, husahau alichoulizwa, au hugeukia sauti ya mlango. Nyumbani pia mnaweza kujaribu.

Sasa nizungumzie wale wanaotupita. Anayepiga kelele na kung'oa dripu huonekana na kila mtu. Lakini wengi wenye deliriamu hawapigi kelele. Wamelala kimya, wanajibu neno moja, chakula kimebaki mdomoni, macho yako mbali. Wodi yenye shughuli nyingi humshukuru mgonjwa wa namna hiyo kwa kuwa hasumbui. Huyu ndiye anayenitia hofu zaidi, kwa sababu ugonjwa wake hugunduliwa ukiwa umekwenda mbali. Muuguzi aliyeanza zamu leo hawezi kujua kwamba bibi huyu kwa kawaida ni msemaji na mcheshi. Wewe mtoto wake unajua. Mwambie.

Kuhusu kinga, utafiti umetupa jambo zito. Mwaka 1999 Inouye na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 852 wa miaka 70 na zaidi katika hospitali ya chuo kikuu cha Yale. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. Kundi la pili liliongezewa watu wa kuzungumza na mgonjwa na kumkumbusha alipo, kumwinua atembee, kumpa maji, kuhakikisha amevaa miwani na anasikia, na kumwandalia usingizi kwa kinywaji cha moto na kumsugua mgongo badala ya vidonge. Waliopata deliriamu walikuwa asilimia 15.0 katika kundi la kwanza na 9.9 katika kundi la pili. Hata hivyo, kwa wale ambao tayari walikuwa wameipata, huduma hiyo haikupunguza ukali wake. Maana yake ni kwamba kazi ianze siku ya kulazwa, mgonjwa akiwa bado anaongea vizuri.

Marekani kazi hiyo hufanywa kwa sehemu kubwa na watu wa kujitolea waliopewa mafunzo. Huko Chengdu, China, katika hospitali ya West China, waliwatumia ndugu wa mgonjwa wakielekezwa na wauguzi. Wagonjwa 281 wa miaka 70 na zaidi walifanyiwa upasuaji. Kwa waliohudumiwa kwa utaratibu huo, deliriamu iliwapata asilimia 2.6, kwa wengine, asilimia 19.4. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2020, na nikiyasoma nafikiria wodi zetu, ambamo ndugu wapo tayari. Wanasubiri nje ya geti na chupa ya uji, hadi saa ya kuona wagonjwa ifike.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliwafikiria wazee kwenye gharama za matibabu, na madirisha ya wazee yamewapunguzia foleni. Naamini hatua inayofuata ni kitandani. Mgonjwa wa miaka 70 na zaidi aruhusiwe ndugu mmoja muda wote, aelekezwe na muuguzi afanye nini, na ahesabiwe kuwa sehemu ya tiba. Najua wodi ni finyu, na katika wodi ya wanawake mtoto wa kiume hawezi kulala hapo. Hayo yanapangika kwa zamu za ndugu.

Na ndugu huyo afanye nini? Akaribie, amsalimie mzee, ajitambulishe hata kama ni mwanawe wa kumzaa: "Shikamoo baba. Mimi ni binti yako wa tatu. Leo ni Jumanne asubuhi, uko hospitali, uliletwa jana kwa sababu ya kifua. Mama yuko nyumbani, hajambo." Arudie bila kuchoka. Mzee akisema anamwona marehemu kaka yake, asibishane naye wala asimcheke. Amtulize, kisha arudishe mazungumzo kwenye yaliyopo. Amvishe miwani, ampe meno yake ya bandia wakati wa kula. Maji ampe kidogokidogo na mara nyingi, akiwa ameketi wima, isipokuwa daktari amekataza. Amsaidie kuketi na kutembea kadiri anavyoruhusiwa. Mchana dirisha liwe wazi. Usiku taa ipunguzwe na simu zinyamaze.

Kumfunga mikono kitandani humwongezea hofu na kuvurugika, naye hujiumiza akijinasua. Sindano ya usingizi si tiba ya deliriamu. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 566 wa vyumba vya uangalizi maalumu nchini Marekani, na haloperidoli, dawa ya kumtuliza mgonjwa, haikufupisha siku za kuchanganyikiwa. Tunaitumia kwa nadra, kwa dozi ndogo, pale mgonjwa anapojihatarisha au anapohatarisha wengine na mengine yote yameshindikana.

Wengi hurejewa na akili ndani ya siku chache tangu chanzo kitibiwe. Wengine huchukua wiki, hata miezi, na wapo wasiorudi walipokuwa. Katika mji wa Vantaa, Finland, watafiti waliwafuatilia watu 553 wenye miaka 85 na zaidi, wakaona kwamba waliowahi kupata deliriamu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kupata dimensia baadaye. Kwa hiyo mzee arudi kliniki baada ya miezi michache apimwe kumbukumbu akiwa ametulia. Na neno deliriamu liandikwe kwenye daftari lake la matibabu. Siku atakapolazwa tena, au kabla ya upasuaji wa mtoto wa jicho au tezi, mwambieni daktari na mtaalamu wa usingizi kwamba aliwahi kuchanganyikiwa alipougua, ili wachague dawa kwa uangalifu na ndugu aitwe mapema.