Wanapima kamera kama simu

Wiki iliyopita dogo mmoja niliyemfundisha kazi aliingia studio kwangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, akiwa ameshika simu mbele kama mtu anayebeba mshumaa. "Shikamoo kaka. Hebu ona hii kwanza." Ilikuwa video ya uchambuzi wa kamera mpya. Jamaa amekaa nyuma ya meza safi, anaigeuza geuza kamera, kisha zinapita picha alizopiga nayo: kikombe cha kahawa, paka dirishani, dada anatembea darajani jua likizama. Mwisho anatamka kwamba hiyo ndiyo kamera ya mwaka. Dogo alikuwa ameshapiga hesabu zake: anauza bodi zake mbili (kamera zenyewe bila lenzi) na lenzi moja, anaongezea akiba, anaagiza.

Nikamuuliza kama huyo jamaa ameingia nayo ukumbini. Akanitazama kama nimemuuliza kama paka ana leseni.

Ugomvi wetu wapiga picha na hizi chaneli kubwa za teknolojia ni wa siku nyingi. Kila kamera mpya ikitoka, wao wanaisifia, sisi tunanuna. Watu wa nje wanadhani ni wivu, au ni ubishi wa wazee wasiotaka mambo mapya. Kuna ukweli kidogo hapo, nitaufikia. Ila kiini cha ugomvi ni kwamba wao wanaipima kamera katika siku yake nzuri, na mimi nalipwa kwa siku yake mbaya. Mchambuzi anakaa nayo siku chache, anairudisha, kesho anapima simu, keshokutwa kompyuta. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Chukua suala la kadi mbili. Mwaka 2017 nilipiga harusi Tukuyu, na mvua ya Tukuyu mnaijua, haiulizi msimu. Bodi yangu ilikuwa na sehemu moja tu ya kuweka memori kadi. Kanisani kila kitu kilienda sawa: kiapo, pete, vigelegele. Tulipotoka nje kamera ikaniandikia kwamba kadi haisomeki. Nikaitoa, nikaipangusa, nikairudisha. Haisomeki. Usiku ule nilikesha na programu ya kuokoa mafaili, ikanirudishia kama nusu ya picha, na katika hiyo nusu pete hazikuwemo. Nilipokwenda kuungama kwa familia, mama wa bwana harusi alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa upole: "Sasa mwanangu, wavishane tena?" Pesa yao niliirudisha. Lile swali ninalo hadi leo.

Ndiyo maana mwaka 2018, Nikon walipotangaza Z6 na Z7 na Canon wakatangaza EOS R, zote zikiwa na sehemu moja tu ya kadi, wapiga picha wa harusi dunia nzima walipiga kelele. Wachambuzi wengi walilitaja jambo hilo kwa mstari mmoja kisha wakaendelea na ubora wa kioo cha nyuma. Wengine walishangaa kwa nini tunang'ang'ania kitu kidogo, maana kadi za siku hizi ni imara. Ni kweli, kadi huharibika kwa nadra sana. Lakini anayepima kamera kwa kupiga paka akipoteza kadi, paka bado yupo dirishani. Mwaka 2020 Nikon walileta Z6 II na Z7 II, na badiliko mojawapo kubwa lilikuwa sehemu ya pili ya kadi. Sidhani kama waliota usiku.

Sasa nije kwenye jambo ambalo dogo hakulijua kabisa, na ndilo lililonifanya niandike.

Siku hizi kila uchambuzi unaanza na kasi. Canon R6 Mark II ya mwaka 2022, kwa mfano, inapiga picha 40 kwa sekunde, kimya kabisa. Ni kweli na ni ajabu. Ila kasi hiyo inapatikana kwa shata ya kielektroniki (shata ndiyo inayoamua mwanga uingie kwa muda gani), na hapo ndipo penye kunguni. Shata ya mitambo ni mapazia mawili yanayopita mbele ya sensa (si ile ya kuhesabu watu, ni kile kibamba kinachokamata picha) kwa muda mfupi mno, kama sehemu moja ya 250 ya sekunde au chini yake. Shata ya kielektroniki haina pazia. Sensa inasomwa mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, na katika kamera nyingi za kawaida kuimaliza huchukua takriban kati ya sehemu moja ya 15 na sehemu moja ya 70 ya sekunde.

Umeme wetu wa TANESCO ni wa hezi 50. Taa nyingi za bei nafuu zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Macho hayaoni, sensa inaona. Piga hesabu. Kama kamera inachukua sehemu moja ya 15 ya sekunde kusoma picha nzima, wakati huo taa imeshapepesa mara sita na ushee. Ukipiga kwa spidi kubwa ya shata, baadhi ya mistari inasomwa taa ikiwa na nguvu, mingine ikiwa imefifia. Matokeo yake ni picha yenye mikanda ya giza na mwanga, mmoja unapita kwenye paji la uso la bibi harusi, mwingine kifuani. Kwa taa za kawaida za ukumbini unaweza kujiokoa kwa kushusha spidi hadi 1/100 ya sekunde, maana hapo kila mstari unapata mpepeso mmoja mzima. Lakini zile LED za rangi ambazo fundi wa taa anazifunga nyuma ya jukwaa hupepesa kwa kasi zake, mamia au maelfu ya mara kwa sekunde, kila aina na yake. Hapo 1/100 haikusaidii. Na maharusi wanaingia wakicheza, kamati nzima nyuma yao imevaa sare inaruka. Ukipiga kwa 1/100 unapata ukungu wenye suti.

Dawa yake ipo na si ya gharama: rudi kwenye shata ya mitambo, sahau zile picha 40 kwa sekunde, washa flashi. Kamera nyingi hata haziruhusu flashi kufanya kazi na shata ya kielektroniki. Sony walitangaza a9 III mwishoni mwa mwaka 2023 yenye sensa inayosomwa yote kwa mkupuo, na tatizo la mikanda likaisha kwa anayeweza kuinunua. Mimi bado nalipia kodi ya fremu ya studio.

Kwa hiyo mchambuzi hakudanganya. Alipiga mchana, nje, chini ya jua, na jua halipepesi. Sifa aliyoisifia kuliko zote ndiyo nisiyoitumia Jumamosi usiku.

Nisiwaonee, lakini. Kuna mahali wao walikuwa sahihi na sisi tukawa wajinga. Canon R5 ilipotoka Julai 2020, chaneli za teknolojia zilishupalia jambo moja: ukirekodi video ya 8K inapata moto na kujizima, na Canon wenyewe walitaja kikomo cha kama dakika 20. Wapiga picha mnato wengi tuliwacheka. Tukasema sisi tunapiga picha, nani anahitaji 8K? Nilicheka na mimi, mpaka rafiki yangu anayepiga video aliponikumbusha ibada ya ndoa ya huku kwetu ina urefu gani. Kwaya tatu, mahubiri, matangazo, neno la mzee wa kanisa. Kwake yeye kamera inayozima njiani ni sawa na kadi yangu ya Tukuyu. Hata kile kikomo cha zamani cha dakika 29 na sekunde 59 kilitokana na ushuru wa forodha wa Ulaya, ambako kifaa kinachorekodi nusu saa au zaidi kilihesabiwa kuwa kamera ya video na kutozwa zaidi. Askofu akishika maikrofoni hana habari na forodha ya Ulaya.

Tulikosea pia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani (mirrorless) zenyewe. Sony walipotoa a7 ya kwanza mwaka 2013, tulisema ni toi: betri inaisha haraka, lenzi hakuna. Wachambuzi wa teknolojia, ambao hawakuwa na kabati la lenzi za zamani la kulinda, waliona mapema mambo yanaelekea wapi. Walipousifia mtambo wa kukamata jicho, mimi nilisema fokasi ninaijua kwa mkono wangu. Leo bila huo mtambo kwenye mlango wa ukumbi wenye giza ningeshapoteza nusu ya wateja. Na baada ya mwaka 2020 Canon na Nikon hawajatoa kamera mpya ya kioo cha ndani (DSLR) ya daraja la juu. Basi.

Betri nayo ina kisa. Ile namba inayonukuliwa kila mahali inatoka kwenye kipimo cha CIPA, chama cha watengenezaji wa kamera cha Japani: unapiga picha moja kila sekunde 30, unazima na kuwasha baada ya kila picha 10, na kadhalika. Kwa kipimo hicho, ukitazama kupitia kitundu cha jicho, Z6 ilipata 310 na Sony a7 III ikapata 610. Watu wakasoma 310 wakaiona Z6 kama mgonjwa. Lakini hakuna anayepiga harusi hivyo. Sisi tunapiga mfululizo, na betri moja ya Z6 inaweza kupita hiyo 310 kwa mbali sana. Ukipanda Kitulo ni kinyume. Kule ni zaidi ya mita 2,500 juu ya usawa wa bahari, na ukitaka maua ya asubuhi yenye umande unaamka kungali na baridi kali. Betri iliyokaa kwenye begi usiku kucha inachoka mapema. Zangu nalala nazo mfukoni mwa jaketi. Njombe mwezi wa Juni ni hivyo hivyo, na huko ukiingiza kamera yenye baridi ndani ya ukumbi uliojaa watu, lenzi inajaa mvuke papo hapo. Ifunge kwenye mfuko wa plastiki kabla hujaingia, iache ipate joto humo humo, ndipo uitoe. Hili sijaliona kwenye video yoyote ya kutambulisha kamera.

Kuhusu megapikseli nitasema haraka. Ukurasa wa A4 unaochapwa kwa nukta 300 kwa inchi unahitaji chini ya megapikseli 9. Kamera ya 24 inatosha albamu na inabaki. Ukipiga picha 3,000 za harusi, faili moja MB 25, ni GB 75. Kwa kamera ya megapikseli 45 yenye faili za MB 50 ni GB 150, na hujanunua diski ya akiba. Bibi harusi atazitazama WhatsApp.

Ngozi ndiyo inaniuma zaidi. Kipima mwanga cha kamera tangu zamani kimejengwa juu ya kijivu cha asilimia 18, yaani rangi ya wastani inayorudisha asilimia 18 ya mwanga. Kila kinachokiona kinataka kukipeleka hapo. Gauni jeupe likijaa kwenye fremu kamera inapunguza mwanga, na uso wa bibi harusi mweusi unazama. Bwana harusi akisimama peke yake na suti nyeusi, kamera inaongeza mwanga mpaka paji la uso linang'aa kama sinia. Kodak kwa miaka mingi walisawazisha rangi maabara kwa kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zile zilizoitwa Shirley, na kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilienea miaka ya 1990. Kamera za leo zimeboreka sana, zinatambua uso na kuupima. Lakini nataka kuona kwenye uchambuzi watu wawili weusi, mmoja kavaa nyeupe mmoja kavaa nyeusi, chini ya taa ya zambarau. Picha moja tu. Ingenitosha kuliko dakika kumi za kahawa.

Basi dogo nilimwambia asiuze kitu kwanza. Jamaa mmoja hapa mjini ameshainunua kamera ile ile, tukaiazima kwa saa mbili. Alhamisi jioni tukaingia ukumbini wakati DJ anajaribu spika na fundi wa taa anafunga LED zake. Dogo akaweka shata ya kielektroniki, akaachia mfululizo mrefu kuelekea jukwaani, kimya, anatabasamu. Kisha akageuza kioo cha nyuma, akakuza picha.

"Kaka, hii mistari ni ya nini?"

Nikamwonyesha menyu. Akabadilisha shata, akarudia, mistari ikaondoka. Akabadilisha tena kuwa ya kielektroniki, ikarudi. Alifanya hivyo kama mara tano. Halafu akanishika bega akaniomba nimpige yeye kwenye taa ya zambarau, aone uso wake unatokaje. Ulitoka vizuri, lazima nikiri.

Ameinunua hata hivyo, ila bodi yake moja ya zamani ameibakiza. Jumamosi tuna send-off Uyole. Hana memori kadi ya pili bado, nimemwazima yangu.