Mkono au Pumzi? Maswali ya Wauza Vyakula wa Lamu Kuhusu Magonjwa ya Mlipuko

Maulidi yakikaribia Lamu, mwenye karai hutoa karai na mwenye mkate wa mofa huwasha tanuri. Wageni huja kutoka pwani nzima, na wote wanataka kula. Maswali yaliyo hapa chini niliulizwa na wauza vyakula wa mitaa ya Mkomani, Langoni na Wiyoni, tulipoketi barazani jioni kadhaa kuzungumza kuhusu usafi na kuwafunza wasaidizi wao. Wengi walikuwa bado na masharti ya korona kichwani, hawajui yapi yameondoka na yapi yalikuwapo hata kabla yake. Mengine nimeyafupisha, maana swali moja lilikuwa hadithi ya nusu saa.

Korona si imekwisha? Mbona mnaturudisha kwenye ndoo na sabuni?

Yaliyokwisha ni masharti ya korona. Kafyu iliyoanza tarehe 27 Machi 2020 iliondolewa Oktoba 2021. Lazima ya kuvaa barakoa mahali pa wazi iliondolewa Machi 2022, na Mei 2023 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba korona si dharura ya kimataifa tena. Leo hakuna atakayekukamata kwa kukaanga viazi bila barakoa.

Lakini ndoo na sabuni hazikuletwa na korona. Kipindupindu tunachokisikia kila baada ya miaka michache ni janga la dunia lililoanza Indonesia mwaka 1961, la saba katika hesabu ya majanga ya kipindupindu, na likafika Kenya mwaka 1971. Halijaisha mpaka leo. Oktoba 2022 nchi yetu iliingia kwenye mlipuko mwingine uliovuka hadi mwaka uliofuata. Ukiniuliza mimi, mtu anayeuza mbaazi na mahamri ana sababu kubwa zaidi ya kukiogopa kipindupindu kuliko korona.

Basi tofauti yake ni nini? Si yote ni maradhi ya kuambukiza?

Ni ya kuambukiza, ila kila maradhi yana mlango wake. Korona huingia kwa pumzi. Mgonjwa akizungumza, akicheka au akikohoa, hewa iliyotoka kifuani mwake hubaki chumbani, hasa chumba kisichopitisha upepo. Kipindupindu huingia kwa kinywa: kinatoka chooni, kinapanda mkono, maji au mguu wa nzi, kisha kinatua sahanini. Homa ya matumbo nayo hupita njia hiyohiyo. Mpox, ugonjwa wa malengelenge ngozini uliothibitishwa Kenya kwa mara ya kwanza Julai 2024, hupita zaidi kwa ngozi kugusana na ngozi.

Mwaka 2020 tuliona watu wakipulizia dawa viatu, magunia ya mchele, hata kuta za nje, huku ndani ya duka watu kumi wamebanana na dirisha limefungwa. Walikuwa wanalinda mlango usio wa ugonjwa ule. Korona haienei kwa kula chakula. Na kinyume chake ni kweli pia: barakoa tatu usoni hazitakuzuia kumpa mteja kipindupindu kwa kachumbari iliyooshwa kwa maji machafu.

Kwa hiyo tangazo lolote jipya likija, uliza kwanza: huu ni wa pumzi, wa mkono, au wa ngozi? Jibu ndilo litakalokwambia pesa zako uzipeleke kwenye sabuni au kwenye kufungua madirisha.

Wakati wa korona tuliambiwa mita moja na nusu. Katika kichochoro chetu?

Hapa wote walicheka, na walikuwa na haki. Mikahawa iliporuhusiwa kufunguliwa tena mwishoni mwa Aprili 2020, nafasi ya mita moja na nusu kati ya wateja ilikuwa miongoni mwa masharti. Yaliandikwa na mtu asiyewahi kujibana ukutani ili punda mwenye mawe ya kujengea apite.

Pakikosekana nafasi, tumia wakati na upepo. Ugonjwa wa pumzi ukirudi, mteja aagize kwa simu na aje kuchukua, asisubiri mbele ya karai. Meza itoke ndani ikae barazani. Mabenchi mawili yanayotazamana yageuzwe yatazame upande mmoja. Chaki ya kuchora alama ukutani haigharimu kitu. Na msaidizi anayekohoa asikae ndani ya kibanda kilichofunikwa na turubai pande zote. Hilo tu lina faida kuliko kile kibunduki cha kupima joto, maana wengi waliobeba korona hawakuwa na homa hata kidogo.

Maji yetu ni ya kubeba, na mengine ya chumvi. Mteja atanawaje?

Wazee wetu walishalijibu hili. Mgeni akija kula, kijana alishika birika na beseni akammiminia maji mikononi. Yale yalikuwa maji yanayotiririka, ndiyo yanayotakiwa. Tulipoharibu ni pale tulipoweka bakuli moja mezani na kila mtu akachovya vidole. Wa kwanza amenawa, wa tano amekunywa uchafu wa wanne waliomtangulia.

Ukiwa na ndoo ya bomba, vizuri. Ukikosa, tengeneza kibuyu chirizi: dumu la lita tano lenye tundu, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili mkono usiguse dumu. Maji ya chumvi yanafaa kunawia mikono, ingawa sabuni haitoi povu sana. Maji matamu yahifadhi kwa kupikia, kunywa na kuoshea mboga zinazoliwa mbichi. Hayo nayo yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo cha kibandiko, kisha usubiri nusu saa.

Sanitaiza haitoshi?

Haitoshi kwa anayepara samaki. Spiriti ya sanitaiza haifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye mafuta, magamba au unga. Nawa kwa sabuni, sekunde ishirini.

Mimi nauza juisi ya ukwaju na ya embe. Mimi sipiki, hatari yangu iko wapi?

Kaka, wewe ndiye ninayekuhofia kuliko wote. Anayekaanga bajia anaua vijidudu kwa mafuta ya moto. Wewe huna moto. Una maji, tunda, mkono na barafu.

Barafu ndiyo inayowadanganya wengi. Baridi haiui kipindupindu. Inakilaza tu, na barafu ikiyeyuka kinaamka. Yale mabarafu makubwa ya kuhifadhia samaki hayakutengenezwa ili yanywewe, na yamelazwa sakafuni, yamekanyagwa, yamepigwa nyundo. Nimeona kipande chake kikitiwa kwenye jagi la juisi, na aliyetia alikuwa ametabasamu kwa kuokoa shilingi. Ukitaka kinywaji baridi, gandisha maji yaliyochemshwa ndani ya mifuko safi, au weka chupa ya juisi nje ya barafu badala ya barafu ndani ya juisi.

Ukwaju ukiwa mkali watu husema unaua kila kitu. Usiuamini kiasi hicho. Tunda lioshwe kabla ya kumenywa, maana kisu huvuta uchafu wa ganda mpaka ndani. Na gilasi ikichovywa kwenye ndoo ileile tangu adhuhuri mpaka magharibi, huo si uoshaji.

Glovu je? Wateja huziona kama usafi.

Huziona, ndiyo. Kisha mwenye glovu anapokea noti ya mia, anakuna shingo, anarudi kukunja chapati. Glovu hainawi yenyewe. Afadhali mkono mtupu ulionawa.

Dawa yake ni kugawa kazi: mmoja pesa, mmoja chakula. Ukiwa peke yako, shika chakula kwa kibanio au karatasi, na pesa ziingie kwa simu. Mnakumbuka Machi 2020 Safaricom iliondoa ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa ili watu wapunguze kushikana noti? Ada ilirudi, lakini mazoea yalibaki, na kwa mpishi anayefanya kazi peke yake ni mazoea mazuri.

Msaidizi wangu nimemwambia mara mia anawe mikono. Hasikii. Nimfunze vipi?

Mara mia umemwambia. Mara ngapi umemwonyesha? Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye mafunzo ya siku nzima ukumbini, picha ukutani, daftari na kalamu za bure. Saa nne chai ikaletwa, tukazivamia sambusa, na hakuna hata mmoja wetu, mwalimu akiwemo, aliyenawa.

Jaribu hivi. Mpake mafuta ya kupikia viganjani na nyuma ya mikono, mnyunyizie manjano, umwambie akanawe kama anavyonawa siku zote. Akirudi, mtazame kwenye mwanga. Manjano yatakuwa yamebaki chini ya kucha, kati ya vidole na kuzunguka gumba. Mwambie: hayo ndiyo unayompelekea mteja. Hutahitaji hotuba. Bi mmoja wa Langoni alilifanya zoezi hili na binti zake wawili, wakamtaka naye ajaribu, na yeye ndiye aliyebaki na manjano mengi kuliko wote.

Baada ya hapo, dakika tano kila asubuhi kabla ya kuwasha moto, jambo moja kwa siku. Leo kisu cha nyama mbichi na kisu cha kachumbari kwa nini visiwe kimoja. Kesho pilau iliyobaki: isikae juani wala mezani zaidi ya saa mbili, na ikipashwa ipashwe mpaka itoe moshi yote, si juu tu. Keshokutwa vitambaa. Usimuulize kama ameelewa, atasema ndiyo. Mwambie akuonyeshe, au amfunze mwenzake mbele yako. Na kijana mpya akija katikati ya msimu, mwanzie mwanzo, hata kama amesema alifanya kazi hoteli kubwa.

Akiugua?

Akiharisha au akitapika asiguse chakula mpaka zipite saa 48 tangu mara ya mwisho. Si tangu alipoanza, tangu alipokoma. Akiwa na kidonda cha mkono, akifunge kifuniko kisichopitisha maji au afanye kazi ya mbali na chakula. Manjano machoni au mkojo kama chai ya rangi, aende hospitali kwanza.

Sasa niseme ukweli ambao hauandikwi kwenye mabango. Kijana anayelipwa kwa siku hatakuambia anaharisha, kwa sababu akikaa nyumbani hali. Sharti lolote la ugonjwa linalomwacha bila kitu ni sharti la kufichwa. Wanne kati ya wale niliozungumza nao waliafikiana: msaidizi akisema mapema kwamba anaumwa, analipwa nusu ya siku, na wanaazimana mtu. Kwa hesabu yao, siku mbili za nusu malipo ni nafuu kuliko kibanda kufungwa wiki nzima ya Maulidi.

Cheti cha afya ni cha mwaka?

Miezi sita. Kila anayeshika chakula awe nacho chake, pamoja na yule mpwa anayekuja kusaidia likizoni. Usisahau kwamba cheti kinasema ulikuwa mzima siku ile uliyopimwa, basi.

Mtu akitapika au kuharisha palepale kwetu, tufanyeje?

Mhudumieni mtu kwanza. Kama choo chake ni cha majimaji meupe kama maji yaliyooshewa mchele, msingoje: mpeni maji ya chumvi na sukari anywe njiani (lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi) na apelekwe hospitali ya King Fahd au zahanati iliyo karibu. Wahudumu wakijulishwa, afisa wa afya ya umma atapata habari. Msifiche kwa kuogopa kufungiwa. Akija kuijua kwa mgonjwa wa tano ndipo mtakapofungiwa kweli.

Halafu mahali penyewe. Funikeni chakula chote, na kilichokuwa wazi karibu na hapo kitupwe. Chukueni dawa ya klorini ya kufulia, ile ya asilimia 3.5: kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji. Mwageni majivu au mchanga juu ya uchafu, mimineni dawa, msubiri dakika kumi kabla ya kuzoa kwa mikono iliyovaa glovu. Hapo glovu zina kazi. Dawa ya meza na mbao za kukatia ni nyepesi zaidi, mililita 300 kwa ndoo ya lita kumi, kisha zisuuzwe kwa maji safi. Dawa ichanganywe siku ileile, na isitiwe ndimu wala siki kwa nia ya kuongeza nguvu, maana hutoa hewa inayounguza kifua.

Na katika zile dakika kumi, mtu mmoja asimame pale, kazi yake iwe kufukuza paka. Paka wa Lamu mnawajua.