Hatari ya maafa: maana yake kwa anayeishi kando ya Mto Tana

Mtu wa Garsen, mji ulio sehemu za chini za mto huu, anaweza kuamka asubuhi, jua linawaka, hakujanyesha hata tone, akakuta mto umepanda hadi kwenye migomba. Maji hayo hayakuanguka kwake. Yalinyesha kwenye miteremko ya Mlima Kenya na Aberdare, yakapitia mabwawa matano, yaani Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha Garissa na Hola, ndipo yakamfikia. Tana ni mto mrefu kuliko yote ya Kenya, takriban kilomita 1,000, na safari hiyo ya maji huhesabiwa kwa siku.

Naanza na siku hizo kwa sababu bila kuzifikiria ni vigumu kuelewa maneno tunayoyasikia redioni kila msimu wa mvua: hatari ya maafa.

Wengi wetu tukisikia hatari ya maafa tunafikiria mafuriko yenyewe, au ukame, au maporomoko ya ardhi. Hayo ni matishio. Hatari ya maafa ni uwezekano wa tishio kuwadhuru watu, pamoja na ukubwa wa madhara yake. Ili hatari iwepo, lazima mambo matatu yakutane: tishio lenyewe, watu au mali zilizo kwenye njia yake, na wepesi wa watu hao kudhurika. Mto ukifurika msituni pasipo nyumba wala shamba, hakuna maafa. Ukifurika kijijini ambako watu wamekwisha kuhama na chakula chao, kuna hasara na usumbufu, lakini hakuna msiba. Maji ni yale yale.

Ndiyo maana siupendi sana msemo wa "janga la asili". Asili huleta maji. Nani amejenga wapi, nani ana akiba, nani alipewa habari mapema na nani hakupewa, hayo ni mambo yetu sisi watu, na yanaweza kubadilishwa.

Katika Kaunti ya Tana River jambo hili linaonekana waziwazi, kwa sababu huko mafuriko hayakuwa adui tangu mwanzo. Wapokomo wamelima kingo za mto kwa vizazi vingi, mpunga, ndizi na maembe, wakitegemea maji yapande, yashuke na kuacha tope lenye rutuba. Waorma na Wawardei hushusha mifugo deltani wakati wa kiangazi, wakipita katika njia za kunyweshea ziitwazo malka, na mvua zikianza huondoka kwenda bara. Kuhama huko kulikuwa kinga: maji yalipokuja, ng'ombe hawakuwa njiani mwake. Wafugaji hao hawakuhitaji warsha ili kulijua hilo, na inasikitisha kuona kuhama kukizungumzwa kama ukaidi wa watu wasiotaka maendeleo.

Mabwawa nayo yamebadilisha mengi. Yanazuia sehemu ya maji na tope, hivyo mto hauji kwa mpangilio wa zamani. Lakini yakijaa, mafuriko makubwa hupita. Hili hudanganya macho. Miaka kadhaa ya mto mtulivu humfanya mtu auone ukingo kuwa salama, akasogeza nyumba karibu na shamba lake.

Katika yale mambo matatu, wepesi wa kudhurika ndio usiozungumzwa vya kutosha. Chukua kaya mbili za kijiji kimoja karibu na Hola, zilizojengwa hatua 50 kutoka mtoni. Moja ina redio, ina ndugu Hola mjini wa kuipokea, na ina mbuzi kadhaa wa kuuza ikibidi. Nyingine ni ya bibi mwenye wajukuu wanne, simu haina chaji, mbegu zote ziko kwenye gunia moja sakafuni. Tishio ni lile lile na umbali kutoka mtoni ni ule ule, ila hatari ya kaya ya pili ni kubwa mara nyingi zaidi.

Hatari hujengeka pia kwa miaka. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano ya mvua ilifeli mfululizo katika maeneo makavu ya Kenya. Mifugo walikufa, na waliobaki wengi waliuzwa kwa bei ya kutupa. Vuli ya 2023 ikaja na mvua za El Niño, na kabla watu hawajasimama, masika ya 2024 yakaleta mafuriko mengine. Ukiitazama 2024 peke yake utasema mto umewaharibia watu. Ukiitazama miaka minne kwa pamoja, utaona maji yaliwakuta watu ambao walikuwa wamekwisha kuuza kila walichokuwa nacho cha kujikingia.

Hapo ndipo swali la "kwa nini hawahami?" linapotakiwa kuulizwa kwa heshima. Shamba liko ukingoni, ndilo chakula cha mwaka, na ardhi nyingi ya kaunti hii ni ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa. Anayeondoka hana uhakika kwamba akirudi atakuta mpaka wake ulipokuwa. Kumwambia ahamie mwinuko bila kumwonyesha ni ardhi ya nani na maji ya kunywa atayapata wapi ni kumtoa kwenye hatari moja na kumtia katika nyingine. Kazi hiyo ni ya serikali, ya kaunti na ya kitaifa, wala kaya haiwezi kubebeshwa.

Kinachobaki mikononi mwa kaya ni zile siku za safari ya maji. Bwawa la Masinga, lililokamilika 1981, ndilo ghala kubwa la mto huu. Likijaa, kiwango chake ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari, na likianza kufurika, mabwawa ya chini hujaa moja baada ya jingine. KenGen, kampuni inayoyaendesha, hutoa tahadhari, na Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri. Kwa hiyo habari huwa ipo. Tatizo ni kwamba tangazo likisema "wanaoishi nyanda za chini wahamie maeneo salama", kila mtu hungoja kuona jirani atafanya nini.

Maandalizi ya kaya, kwa maana yake ya kweli, ni kukata shauri kabla. Mnaketi, baba, mama, bibi, vijana, mnakubaliana: tukisikia Masinga inafurika, mbegu na chakula vinapelekwa kwa shangazi kule juu. Chifu akitangaza, wazee, watoto na mama mjamzito wanatangulia. Maji yakifika mwembe ule pale, sote tunatoka, na kama jua linakaribia kuzama hatungoji yafike. Alama ya mti ina faida kubwa, maana haibishaniwi. Usiku wa mvua, watu wakiwa na hofu, si wakati wa kuanza kujadili.

Mama aliyekaribia kujifungua asingoje kabisa, kwa sababu barabara hukatika kabla ya nyumba kuzama. Novemba 2023, na tena Aprili 2024, maji yaliikata barabara ya Garissa upande wa Madogo. Watu wakalazimika kuvuka kwa boti, na mwishoni mwa Aprili 2024 boti moja ikazama hapo Kona Punda, watu wakafa. Hawakuwa wazembe, walikuwa na safari zao kama mimi na wewe. Lakini chombo kilichojaa kupita kiasi, abiria hawana maboya ya kuvaa, ni cha kukataa hata kama utalala upande usio wako. Na maji yanayokwenda kasi, yakifika magotini tu, yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usiyavuke kwa miguu wala kwa bodaboda.

Mzigo wa kubeba usiwe mkubwa. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na kitabu cha kliniki viwe ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, maana bila kitambulisho hata msaada hupatikana kwa shida. Dawa za presha, sukari au ARV (dawa za VVU) ziwe za kutosha wiki kadhaa. Beba chandarua, tochi, dumu safi la maji, na simu iliyojaa chaji yenye namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, 1199. Mifugo wasiachwe wamefungwa. Ng'ombe aliye huru hutafuta mwinuko mwenyewe.

Hatari haimaliziki maji yakishuka, na hapa tumepoteza watu wengi bila sababu. Vyoo vya shimo huwa vimefurika na visima vimechafuka, ndipo kipindupindu huingia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, hata yakionekana meupe.

Kisha kuna mbu. Homa ya Bonde la Ufa, ugonjwa wa mifugo unaoenezwa na mbu na kuwapata watu pia, ililipuka baada ya mvua kubwa za 1997 na tena mwishoni mwa 2006, na mara zote mbili Garissa, jirani ya Tana River, iliumizwa vibaya. Dalili ya kwanza mara nyingi huonekana zizini: kondoo, mbuzi na ng'ombe wanaharibu mimba kwa wingi na watoto wao wanakufa. Mnyama huyo asichinjwe, asichunwe, nyama yake isiliwe na maziwa yasinywewe mabichi, hata kama njaa inauma. Apewe taarifa ofisa wa mifugo siku hiyo hiyo. Chanjo ya mifugo ipo, lakini inafaa kabla ya mvua. Ugonjwa ukishaingia zizini, sindano moja ikitumiwa kwa wanyama wengi inaweza kuueneza.

Vuli huanza Oktoba. Mwembe wa alama unafaa kuchaguliwa Septemba, mto ukiwa chini, mtu akiwa na nafasi ya kutembea ukingoni pamoja na mzee wa kijiji na kumwuliza: mwaka 1961 maji yalifika wapi, na 1997, na 2018?