"Chini ya Nira" haikuwasha uasi wa Wabulgaria

Nimeulizwa tena wiki hii: si riwaya ya Ivan Vazov, Chini ya Nira, iliyowaamsha Wabulgaria dhidi ya watawala wao, Waosmani wa Uturuki? Hapana. Tuhesabu miaka, jamani! Uasi wa Aprili ulizuka 1876. Dola ya Bulgaria ikazaliwa 1878. Riwaya iliandikwa Odessa, katika Urusi ya wakati huo, 1887 na 1888, na Vazov alikuwa huko mkimbizi. Hakuwakimbia Waosmani. Aliikimbia Bulgaria huru, iliyokuwa mikononi mwa Stefan Stambolov.

Hapa ndipo tusipite haraka. Stambolov huyo huyo, mwaka 1875, alitoa diwani ya mashairi ya mapinduzi pamoja na mshairi Hristo Botev. Mwaka uliofuata Botev alivuka mto Danube kuingia Bulgaria na watu kama 200 kwa meli ya Radetzky, akashuka Kozloduy, na siku chache baadaye akauawa kwa risasi milimani karibu na Vratsa. Alikuwa na miaka 28. Mwenzake, Stambolov, alibaki, akatawala. Kwa hiyo Vazov anautazama mwaka 1876 akiwa uhamishoni, uhuru ukiwa umeshamtia jeraha. Mji wa Byala Cherkva katika riwaya ni Sopot, alikozaliwa, na anausimulia kwa mapenzi ya mtu aliyefungiwa mlango wa kwao. Sura yake mashuhuri ameiita "Ulevi wa Taifa". Aliyemo ndani ya uasi hauiti ulevi. Hilo ni jina la anayekumbuka.

Fasihi iliyotangulia bunduki ni nyingine. Ipo historia ya Wabulgaria aliyoiandika mtawa Paisius mwaka 1762, iliyosambaa kwa nakala za mkono, ambayo inawakemea Wabulgaria walioionea haya lugha yao mbele ya Wagiriki. Yapo magazeti ya Lyuben Karavelov kutoka Bucharest. Zipo nyimbo za Dobri Chintulov, ambazo hata asiyejua kusoma aliziimba.

Hata hizo nasita kuzipa sifa yote, ingawa fasihi ndiyo kazi yangu na ningependa sana kuzipa. Mtandao wa kamati za siri aliousuka mwanamapinduzi Vasil Levski, kwa kutembea mji hadi mji, ulifanya kazi ambayo sioni ubeti ulioweza kuifanya. Alinyongwa Sofia mwaka 1873. Shairi kuu la Botev juu ya kifo hicho, Bulgaria ikiwa mama anayelia, lilikuja baada ya kitanzi.