Je, wajua kwa nini breki mpya hukataa baiskeli kuukuu?

Chukua baiskeli ya resi ya Kiingereza ya miaka ya 1970 iliyokaa stoo hapa Malindi mpaka mnyororo ukagandana. Mwenyewe anaamua kuifufua, na kitu cha kwanza anachonunua ni breki. Zinang'aa, ni nyepesi, na muuzaji kamhakikishia kwamba zinaingia baiskeli yoyote. Fundi anazifunga, anavuta waya, raba zinauma tairi badala ya rimu. Anazishusha raba hadi mwisho wa mfereji wake, yaani ule upenyo mrefu zinamofungwa, bado zinagusa tairi. Breki zinalaumiwa bure.

Breki za baiskeli ya resi hufungwa kwa bolti moja juu ya gurudumu, na kutoka hapo mikono miwili ya kalipa, yaani breki yenyewe inayobana rimu, hushuka ubavuni mwa tairi mpaka kwenye rimu. Umbali wa kutoka katikati ya bolti hadi katikati ya ukingo wa rimu ndio unaoamua kila kitu. Kalipa nyingi za resi za leo hufika kati ya milimita 39 na 49. Fremu za zamani ziliachiwa nafasi kubwa, kwa sababu zilivaa tairi nene kidogo pamoja na madigadi, kwa hiyo nyingi zinataka milimita 47 hadi 57, na nyingine hupita hapo. Waendeshaji wa mashindano walipohamia tairi nyembamba, watengenezaji walisogeza fremu karibu na gurudumu na mikono ya breki ikafupishwa.

Kuna mtego mwingine. Baiskeli nyingi za Kiingereza za wakati ule zilikuja na magurudumu ya inchi 27. Tairi zake siku hizi si rahisi kupata, basi watu huweka magurudumu ya 700, ambayo kwa macho ni yale yale. Soma namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: ya inchi 27 huishia na 630, ya 700 huishia na 622. Hizo ni milimita za kipenyo pale tairi linapokaa kwenye rimu. Tofauti ni 8, na nusu yake iko juu na nusu chini, kwa hiyo rimu mpya inakaa milimita 4 mbali zaidi na bolti. Milimita 4 unaweza kuzicheka, lakini mfereji wa raba kwenye kalipa una nafasi ya milimita 10 hivi tu.

Ndiyo maana mimi nasema gurudumu litangulie, breki ifuate. Funga gurudumu utakalolitumia, weka rula kwenye tundu la bolti, shuka wima mpaka katikati ya ukingo wa rimu, andika. Rudia nyuma, maana mbele na nyuma hazilingani kila mara. Ukishakuwa na namba mbili hizo mkononi, ndipo uende dukani.

Usikimbilie kununua mikono mirefu kuliko unavyohitaji. Mkono ukirefuka chini ya egemeo, yaani pale unapozungukia, nguvu inayofika kwenye raba hupungua, na chuma chenyewe hupinda kidogo unapobana. Kalipa za egemeo moja za zamani ndizo zinazoumia zaidi hapo. Kalipa za maegemeo mawili, zilizoenea kwenye baiskeli za resi mwanzoni mwa miaka ya 1990, hubana kwa nguvu zaidi kwa mvuto ule ule wa kidole, na zipo zilizotengenezwa kwa umbali mrefu. Hazifanani na zama za baiskeli, nakubali. Anayetaka sura ya asili abaki na zake, mradi mikono haijapinda na springi zinarudi.

Kabla ya kulipa angalia bolti. Za zamani hupita foki nzima (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) na kukazwa kwa nati ya kawaida upande wa pili. Za kisasa nyingi zina bolti fupi na nati ndefu ya alenki, ile ya ufunguo wa pembe sita, inayozama ndani ya foki, nayo inahitaji tundu la milimita 8 kwa nyuma badala ya 6. Wapo wanaotoboa. Kwa foki yenye thamani, mimi ningetafuta kalipa yenye bolti ndefu.

Rimu yenyewe ni ya nini? Kama ni ya chuma iliyopakwa kromu, hakuna breki itakayokuridhisha siku ya mvua. Kromu ni laini mno, maji hukaa juu yake, na raba huteleza kama kandambili kwenye sakafu iliyomwagwa maji. Gurudumu huzunguka mara kadhaa kabla raba haijafuta maji na kuanza kushika. Zamani ziliuzwa raba zenye kipande cha ngozi usoni kwa ajili ya rimu za namna hii, na zilisaidia. Alumini hushika haraka zaidi ikilowa. Malindi hakuna mlima wa kumtisha mtu, kwa hiyo mwaka mzima unaweza kujidanganya kwamba breki zako ni nzima, mpaka masika ianze na tuktuk ikukate mbele bila ishara. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua rimu za alumini na uzibakishe kalipa za zamani.

(Blakimamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni habari nyingine kabisa. Breki zake huvutwa kwa vyuma badala ya waya, na raba hubana rimu kwa ndani, upande wa spoku. Usijaribu kuchanganya.)

Mshikio, yaani ule unaoubana kwa vidole ili kuvuta waya, nao una hesabu yake. Ule uliotengenezwa kwa breki za baiskeli za milimani zenye mikono mirefu iliyosimama huvuta waya karibu mara mbili ya wa kalipa. Ukiufunga kwa kalipa utahisi ugumu mkononi, lakini baiskeli haitasimama inavyopaswa. Mishikio ya zamani ambayo waya wake hutokea juu hukubaliana vizuri na kalipa mpya.

Hewa ya chumvi haimwachi mtu hapa. Waya wa kawaida huanza kutu ndani ya ganda lake, pale usipoona, na mshikio hurudi kwa uvivu. Chukua waya usioshika kutu na ganda jipya pamoja. Waya mpya ndani ya ganda bovu ni kazi bure. Raba nazo hukusanya mchanga. Zitoe, uzitazame juani, na kila punje inayometa ichokoe kwa sindano, la sivyo inakula alumini polepole.

Ukifunga, elekeza raba ili ncha ya mbele iguse rimu kidogo kabla ya ile ya nyuma, kelele zitapungua. Kisha bana mshikio kwa nguvu zako zote mara kadhaa baiskeli ikiwa imesimama. Ganda litajikaza mahali pake, waya utalegea, utaukaza tena. Fanya hivyo kwa fundi, siyo barabarani.